Ukingo wa Dari

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:33-34

Somo letu la leo ni fupi sana, tena ni la mambo ya ujenzi. Katika sheria aliyopewa Musa mna agizo kwa mtu ajengaye nyumba mpya. Asiiache dari yake wazi, bali aizungushie ukingo, asije mtu akaanguka kutoka juu, nayo nyumba ikawa na hatia ya damu. Ndugu zetu wa Lamu na wa Mji wa Kale wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa, kwa maana wanazijua nyumba za mawe ambazo juu yake watu hupanda jioni kupunga upepo. Sisi wa bara wenye mapaa ya mabati huenda tukalipita somo hili tukisema halituhusu. Hakuna apandaye juu ya mabati kupunga upepo.

Lakini litazameni vizuri. Sheria hii haingoji mtu aanguke. Haisemi kwamba mtoto akivunjika shingo, mwenye nyumba na apeleke ng'ombe wawili kwa wafiwa. Yataka ukingo ujengwe pamoja na nyumba. Mawe ya ukingo, chokaa yake na ujira wa fundi vimo katika gharama ya nyumba tangu siku ya kwanza, na mtu asiyeweza kulipia ukingo bado hajaweza kujenga. Katika kitabu cha Kutoka liko agizo jingine, ndugu ya hili. Mtu akichimba shimo asilifunike, kisha punda wa jirani akatumbukia, mchimbaji ndiye atakayelipa. Hana nafasi ya kuuliza kama punda yule alikuwa kipofu.

Leo twataka kuyachukua maagizo haya mawili tuyapeleke kiwandani.

Nchi yetu yahitaji viwanda. Hilo tuliseme mapema, asije mtu akadhani tumekuja kuhubiri turudi kuvaa ngozi. Vijana wanaomaliza shule kila mwaka hawatatoshea wote katika ekari moja aliyoigawa babu. Sabuni, saruji, viatu, dawa, mabati, hata vitabu vya nyimbo tunavyovishika Jumapili, vyote vimepita mikononi mwa mtu wa kiwandani. Kazi ya mikono ina heshima yake. Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala. Kwa hiyo hatuulizi kama viwanda viwepo au visiwepo. Twauliza nani anayelipia moshi.

Kila kiwanda hutoa vitu vya namna mbili. Hutoa bidhaa, ambayo hupakiwa katika lori na kuuzwa, na hutoa kile kisichotakiwa: moshi, majivu, maji machafu, mabaki, joto linalopotea hewani. Bidhaa ina bei na karani ameiandika. Uchafu haumo katika daftari lolote. Lakini kutoandikwa si kutokuwa na gharama. Kama kiwanda hakikuilipa gharama hiyo ndani ya ua wake, yenyewe huruka ukuta ikaenda kumtafuta mlipaji nje, na mara nyingi humpata aliye maskini kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyepanga chumba cha bei nafuu karibu na ukuta.

Tutwae mfano mmoja, betri. Betri ya gari, au ile inayohifadhi umeme wa jua katika nyumba nyingi, mara nyingi ina sahani za madini ya risasi ndani yake, nazo zimelala katika asidi, na vyote vimefungwa katika sanduku la plastiki. Betri hiyo ikifa, haifi yote. Risasi yake yaweza kuyeyushwa ikafanywa betri nyingine, na hiyo nyingine ikifa ikayeyushwa tena, wala madini hayapungui ubora. Tena, kuyeyusha risasi kuukuu kwahitaji moto mdogo kuliko kuitoa katika mawe ya mgodini. Plastiki ya sanduku nayo husagwa ikafanywa sanduku jipya. Ukiitafuta kazi ya kiwandani isiyopoteza kitu, kama Bwana alivyowaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki baada ya watu kushiba, hii ndiyo. Tungeweza kuisifu na kumaliza kipindi chetu hapa.

Sasa twendeni Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Jomvu.

Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kikipakana na mtaa huo wenye wakazi wapatao 3,000. Kazi yenyewe, kama tulivyosema, ni njema. Lakini moshi wake ulitua juu ya mapaa ya watu, na maji yake machafu yakatiririka kupita palipo makao yao. Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja kijana, jina lake Phyllis Omido. Katika kazi zake ilikuwamo kuandaa taarifa ya jinsi kiwanda kinavyoyaathiri mazingira, na alipoyaona mambo yalivyo alishauri kwamba kiwanda hakifai kuwa mahali pale. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, na homa haikusikia dawa. Alipopimwa, damu yake ilikutwa na risasi, na yaelekea ilimfikia kwa maziwa ya mama yake.

Yafaa tuseme kidogo juu ya sumu hii, kwa kuwa wengi wetu twaijua risasi ya bunduki tu. Risasi haimpigi mtu kwa kishindo. Huingia kwa vumbi na moshi, kwa mkono usionawa, kwa nguo ya baba anayerudi kutoka kazini na kumpakata mwanawe. Mwili wa mtoto mdogo huinyonya mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima, na huko ndani hushambulia ubongo ambao bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani lasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi mwilini kilicho salama. Mama haoni jeraha. Aona mtoto aliyekuwa mchangamfu akiwa mzito wa kujifunza, mwenye hasira, msahaulifu. Shuleni mwalimu humwita mvivu. Ni wangapi walioadhibiwa kwa uvivu ambao haukuwa wao?

Omido aliiacha kazi ile, akawakusanya majirani. Walipimisha damu za watoto wengine, wakapiga hodi katika ofisi baada ya ofisi, wakaandamana, na yeye mwenyewe akatiwa nguvuni. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, inayotolewa kwa watetezi wa mazingira. Mwaka 2016 wakazi walikwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mahakama haikumlaumu mwenye kiwanda peke yake. Idara za serikali zilizopewa kazi ya kuchunga nazo zilibebeshwa sehemu ya mzigo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabuni miaka, wapenzi. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na umri wa miaka 17 mahakama iliyo kuu kuliko zote iliposema neno lake. Na risasi haiozi kama ganda la ndizi, wala haikauki kama dimbwi. Iliyokwisha kuingia katika udongo hukaa humo hadi watu waje waitoe. Fidia ni haki, na wakazi wale walistahili kila senti. Lakini ubongo wa mtoto haununuliwi dukani kwa bilioni moja wala kwa mia. Ndiyo maana sheria ya Musa yataka ukingo kwanza.

Na ukingo wa kiwanda cha namna hii wajulikana, si siri ya mtu. Betri huvunjwa kwa mashine iliyofunikwa, si kwa shoka chini ya mwembe. Asidi hukusanywa katika matangi ikatulizwa kwa chokaa au kwa dawa nyingine ya jamii hiyo, badala ya kumwagwa mtaroni. Moshi hupitishwa katika mifuko mirefu ya kitambaa kizito inayolinasa vumbi kabla ya kufika dohani. Mfanyakazi huacha nguo za kazi kiwandani, huoga, ndipo aende nyumbani kwa watoto wake; hali chakula palipo vumbi, na damu yake hupimwa kila baada ya muda. Tena kiwanda chenyewe hujengwa mbali na makao ya watu. Sasa sikilizeni jambo moja lililotushangaza tuliposoma habari hizi. Lile vumbi linalonaswa katika mifuko hurudishwa tanuri, kwa kuwa nalo ni risasi. Maana yake, kile kinachowadhuru watoto wa jirani ni mali ya mwenye kiwanda inayotoroka kwa dohani.

Tunajua yupo msikilizaji anayesema, "Mchungaji, mifuko hiyo ni ghali. Na nikiifunga mimi, mwenzangu wa ng'ambo ya barabara hajaifunga, atauza kwa bei ya chini na kunifukuza sokoni." Neno hili ni la kweli, wala hatutalifunika kwa aya ya Biblia. Aliyejenga ukingo ametumia fedha. Asiyejenga ameiweka mfukoni, na mnunuzi asiyejua hukimbilia bei ya asiyejenga. Hivyo mwovu humshinda mwema kwa haki kabisa, kama sokoni hakuna mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu ni sheria, na sheria bila mkaguzi ni karatasi.

Ndugu mkaguzi, wewe unayetutegea sikio kabla ya kwenda ofisini, tuna neno nawe. Kazi yako huenda waiona ndogo: kalamu, fomu, pikipiki ya serikali isiyo na mafuta. Lakini wewe ndiwe unayemfanya mwenye kiwanda mwaminifu aweze kuishi. Ukipokea bahasha kwa yule mchafu, mtoto wa mtaani amepata madhara, na pamoja naye yule mwema aliyekopa benki anunue vichujio amefilisika. Wawili kwa bahasha moja. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Kifungu cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahakamani kuilinda haki hiyo bila ya kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Waliotunga maneno haya walielewa ukingo ni nini. Wewe ndiwe uliyepewa kuyatia miguu.

Wako pia wenye viwanda waliokwenda mbele ya ukingo, tena bila kupigwa mijeledi. Katika nchi ya Denmark uko mji mdogo wa pwani uitwao Kalundborg. Huko kituo cha umeme kilikuwa kikichoma makaa ya mawe, na jirani zake walikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta, kiwanda cha mbao za jasi za kujengea kuta, na kiwanda cha dawa kinachotengeneza insulini kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1972 kiwanda cha jasi kilianza kutumia gesi ambayo kiwanda cha mafuta kingeiteketeza hewani. Miaka ya 1980 ilipoanza, mvuke wa kituo cha umeme ulipelekwa kwa mabomba kwa majirani, na joto lake likapasha moto nyumba za mjini, kwa maana huko baridi yao si ya mchezo. Mwaka 1993 kituo kile kilikuwa kimefunga mtambo wa kunasa salfa katika moshi wake. Kinachotoka katika mtambo huo ni jasi, na jasi ndiyo hasa aliyokuwa akiinunua jirani kutoka mbali. Hata hamira iliyobaki baada ya kutengeneza insulini ilikwenda kwa wakulima wakalisha nguruwe.

Hakuna serikali iliyowachorea mpango huo. Mji ni mdogo. Mameneja walijuana, na kila mapatano yalifanywa na wawili watatu waliokaa pamoja na kuulizana, wewe watupa nini, na mimi nanunua nini? Walifanya hivyo miaka mingi kabla ya kutambua kwamba wamebuni jambo ambalo watu wangetoka nchi za mbali kuja kulitazama. Siku hizi kituo kile kimeacha makaa ya mawe, kinachoma vipande vya mbao, na majirani wanaendelea kupatana.

Kwetu mambo kama hayo yapo, ila hatuyapigii mbiu. Viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kuchemshia maji yake, na molasi inayobaki huenda kwa ng'ombe na kwa watengeneza spiriti. Nako kwenye majani ya chai, kilo moja ya majani makavu yahitaji kilo nne na zaidi za majani mabichi, na yote yaliyozidi hapo ni maji ambayo lazima yafukuzwe kwa moto. Moto huo katika viwanda vyetu vingi ni kuni. Meneja akitupa magogo mabichi tanuri, sehemu kubwa ya moto hupotea kwa kukausha kuni zenyewe kabla haujayafikia majani. Akijenga banda lenye paa na kuta zipitishazo upepo, magogo yakakaa humo miezi kadhaa, atachoma kuni chache kwa chai ile ile. Banda la kuni! Halihitaji mtaalamu wa ng'ambo. Kila mama aliyewahi kupuliza moto wa kuni mbichi huku akitokwa na machozi angeweza kumshauri meneja huyo bila malipo. Mkulima naye afaidika, kwa kuwa gharama ya kuni hukatwa katika malipo ya majani yake.

Basi tumesema na mwenye kiwanda, tumesema na mkaguzi. Sasa tuingie nyumbani, kwa kuwa betri ile iliyofika Owino Uhuru ilianzia chini ya kitanda cha mtu.

Mzee, ile betri ya umeme wa jua iliyokwisha nguvu, uliyoiweka pembeni ukingoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu, usiifungue. Usimwage asidi yake shambani wala chooni ili iwe nyepesi kubebwa. Isimamishe wima, mahali pasipofikiwa na watoto, na siku ya kununua mpya irudishe kwa muuzaji; maduka mengine hupunguza bei ukirudisha ile ya zamani. Ukimwuzia mpita njia, mwulize aipeleka wapi. Asipoweza kukujibu, bei yake nzuri italipwa na mtu mwingine. Tangu mwaka 2022 tunayo sheria ya usimamizi wa taka inayomwekea mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa wajibu juu ya kile alichokiuza hata baada ya kutumika. Kwa hiyo usione haya kumwuliza mwenye duka swali hilo. Na ndugu mvuvi, usiyeyushe risasi ya betri jikoni ili upate chubwi za nyavu. Sufuria ile mama ataipikia uji kesho.

Vikundi vya akina mama na vya vijana katika mitaa yenu vyaweza kufanya jambo jingine. Kiwanda kipya kikitaka kujengwa, sheria yadai athari zake zichunguzwe na maoni ya wananchi yasikilizwe. Matangazo hayo hutoka, na mara nyingi wanaofika ni wale wanaotafuta kazi tu, nao hatuwalaumu. Nendeni nanyi. Msiende na mabango; nendeni na maswali matatu: maji yenu yatakwenda wapi, moshi wenu utapita katika nini, na wafanyakazi wenu wataoga wapi? Msikilizeni atakavyojibu lile la tatu. Aliyekwisha kulifikiria bafu la mfanyakazi wake, huyo amefikiri.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unawajua kwa majina vijana wa Owino Uhuru waliokuwa watoto katika miaka ile, ambao hata leo kusoma huwawia vigumu. Uwe nao darasani na kazini. Uwakumbuke mama zao waliozunguka mahakamani miaka mingi. Mtie moyo mwenye kiwanda aliyekopa ili asafishe maji yake, apate wanunuzi. Mkaguzi atakayeingia leo lango la kiwanda, umpe macho na mikono mitupu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.